'Asubuhi tutaona': Saa zinazompotea mgonjwa wa moyo akiwa nyumbani kwake

Ijumaa ya Septemba 23, 1955, Rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alikuwa likizoni Denver, ukweni kwake, akicheza gofu. Mchana alikula mkate wa nyama ya kusaga uliowekewa vipande vikubwa vya kitunguu kibichi, kisha akarudi uwanjani. Simu za Waziri wake wa Mambo ya Nje zikawa zinamkatiza mchezo, naye akapandwa na hasira. Baadaye tumbo likaanza kumsumbua. Lawama zote zikaenda kwa kitunguu.

Usiku, kwenye saa nane, maumivu ya kifua yakamwamsha. Mkewe, Mamie, akampa dawa ya maji ya kutuliza tumbo, kisha akampigia simu daktari wa rais, Howard Snyder, ambaye alifika usiku uleule. Kulipokucha, waandishi wa habari wakaambiwa tumbo la rais limechafuka. Saa sita mchana ilikuwa imeshapita ndipo alipopimwa umeme wa moyo, na kipimo kikaonyesha kuwa sehemu ya moyo wake ilikuwa imekosa damu. Alipelekwa Hospitali ya Jeshi ya Fitzsimons zaidi ya saa kumi tangu aamke na maumivu. Jumatatu iliyofuata soko la hisa la New York lilianguka kwa zaidi ya asilimia 6 kwa siku moja.

Dk Snyder aliandika baadaye kwamba alijua tangu mwanzo kuwa ni moyo, akampa mgonjwa wake dawa na kumwacha apumzike. Mwanahistoria Clarence Lasby, aliyeandika kitabu kizima kuhusu tukio hilo mwaka 1997, hakukubali maelezo hayo. Kwa hoja yake, hata daktari alidhani ni tumbo. Vyovyote iwavyo, mgonjwa huyu ndiye aliyeongoza majeshi ya Washirika kuvuka bahari kuingia Ufaransa mwaka 1944. Alikuwa na daktari wake binafsi na simu ndani ya nyumba. Usiku ule alikuwa mzee wa miaka 64 aliyeamini kuwa kilichomsibu ni chakula.

Familia nyingi za kwetu zina kisa cha namna hiyo. Kinachobadilika ni jina la chakula tu: maharage ya jana, nyama choma, pilipili, soda ya baridi. Baba anashika kifua, anasema ni gesi. Anatengenezewa tangawizi. Anapata nafuu kidogo, anasema mnaona? Saa tano usiku maumivu yanarudi, naye anasema asubuhi tutaona. Wapo ambao asubuhi hiyo hawakuiona.

Makala haya yanahusu saa hizo za katikati, baina ya maumivu ya kwanza na kauli ya "twende hospitali". Ndizo saa ambazo hakuna daktari, hakuna dawa wala mashine, na mwamuzi pekee ni mtu ambaye akili yake inafanya kila hila asiusikie ukweli.

Kila dakika ina gharama

Moyo unaosukuma damu mwili mzima nao unahitaji kulishwa damu yake. Huipata kwa mishipa inayouzunguka kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya kimyakimya katika kuta za mishipa hiyo. Siku utando unaoyafunika unapochanika, damu huganda palepale kana kwamba inaziba jeraha, na bonge hilo laweza kuufunga mshipa wote. Misuli iliyoutegemea mshipa ule hubaki kama shamba la mpunga lililofungiwa mfereji: halikauki papo hapo, lakini kila saa inayopita kuna miche ambayo maji yakirudi hayataiokoa tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Kimarekani Keith Reimer na Robert Jennings waliuonyesha mwendo huo kwa mbwa. Walifunga mshipa wa moyo kwa muda, kisha wakaufungua. Waligundua kwamba kifo cha misuli huanzia upande wa ndani na kusambaa kuelekea nje kama wimbi. Mshipa uliofunguliwa baada ya dakika 40 uliacha sehemu kubwa ya misuli ikiwa hai. Uliofunguliwa baada ya saa sita ulikuta kilichobaki ni kidogo sana.

Misuli ya moyo iliyokufa haioti tena. Mahali pake hukaa kovu, na kovu halisukumi damu. Ndiyo maana mtu anaweza "kupona" mshtuko wa moyo kisha akaishi miaka akivimba miguu, akishindwa kulala chali, akipumzika mara tatu kwenye ngazi za ghorofa moja. Tena hiyo ni bahati. Katika saa za mwanzo umeme wa moyo ulioumia unaweza kuvurugika ghafla na moyo ukasimama. Hospitalini kuna mashine ya kuushtua urudi. Chumbani kwako haipo.

Mwaka 1955 madaktari hawakuwa na mengi ya kufanya. Walitoa dawa ya maumivu na oksijeni, wakamlaza mgonjwa kitandani wiki nyingi. Yaelekea saa kumi za Eisenhower hazikumgharimu kama ambavyo zingemgharimu mgonjwa wa leo, kwa sababu kitu cha kuwahi kilikuwa kidogo. Alipona, akashinda uchaguzi wa 1956, na alifariki mwaka 1969 kwa moyo kushindwa kazi.

Leo hali ni nyingine. Septemba 1977, mjini Zürich, daktari Andreas Grüntzig aliingiza puto dogo katika mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho na kuupanua. Mwaka 1986 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, baada ya kuijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 11,000. Kwa waliopewa ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze, vifo vilipungua kwa karibu nusu. Kadiri saa zilivyosogea faida ilififia, na kwa waliochelewa kupita saa tisa haikuonekana. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine wa wagonjwa zaidi ya 17,000 ulionyesha kuwa kidonge cha aspirini kila siku kwa mwezi mmoja kilipunguza vifo kwa takriban asilimia 23. Aspirini, dawa ambayo bei yake haifiki nauli ya bodaboda.

Kwa hiyo tiba ipo, na sehemu yake iko hapa nyumbani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam huzibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua. Lakini swali la kwanza ambalo daktari wa zamu humuuliza mgonjwa au ndugu zake ni moja kila mahali: yameanza saa ngapi?

Hila za akili

Wataalamu huigawa safari ya mgonjwa wa moyo katika vipande vitatu: kutoka maumivu hadi uamuzi, kutoka uamuzi hadi mlango wa hospitali, na kutoka mlangoni hadi tiba. Foleni ya barabarani ina lawama zake, na dirisha la malipo lina zake. Hata hivyo, tafiti za nchi nyingi zimekuwa zikirudia jambo lilelile, kwamba kipande kirefu kuliko vyote kwa kawaida ni cha kwanza. Mgonjwa huchelewa zaidi akiwa bado hajavaa viatu.

Katika miaka ya 1960, Thomas Hackett na Ned Cassem, madaktari wa akili wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, walikaa na wagonjwa wa moyo na kuwauliza walichokuwa wakikifikiria katika saa zile. Waliona kwamba waliochelewa sana hawakuwa watu wasiojua kitu. Wengi walikuwa wameyahamishia maumivu kwenye kiungo kingine, hasa tumbo. Na tafiti za baadaye zilileta jambo la kushangaza zaidi: hata watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wanaoijua njia ya kwenda wodini, kwa jumla hawawahi kuliko wale wanaoupata kwa mara ya kwanza.

Hila ya kwanza ya akili ni kuyapa maumivu jina jepesi. Gesi. Kiungulia. Vidonda vya tumbo. Kichomi. Nilibeba ndoo vibaya. Nililala kwenye feni. Kila jina ni la ugonjwa wa kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mara nyingi kifua kinachouma huwa ni kiungulia kweli. Akili haisemi uongo mtupu. Katika majibu yote yanayowezekana, inachagua lile linaloruhusu mtu abaki kitandani.

Hila ya pili ni jaribio. Mgonjwa hunywa dawa ya asidi, maji ya moto au tangawizi, kisha husubiri. Maumivu ya moyo yana tabia ya kuja na kupoa, kisha kurudi. Yakipoa baada ya tangawizi, tangawizi imethibitisha kwamba lilikuwa tumbo. Yakirudi, kipimo kinaongezwa.

Hila ya tatu ni kujipa muda. Nikioga nitakuwa sawa. Ngoja taarifa ya habari iishe. Nikilala yatapita. Muda ukiisha, unaongezwa mwingine, na kila nyongeza ni fupi kiasi kwamba haionekani kuwa kosa. Hakuna mgonjwa anayeamua kukaa nyumbani saa nane. Huamua kukaa nusu saa, mara kumi na sita.

Hila ya nne inatoka kwenye runinga. Sote tumeiona ile filamu: mzee anapewa habari mbaya, anashika kifua, anapiga ukelele, anaanguka sebuleni, kamera inazunguka. Anayengojea kuanguka namna hiyo hawezi kujitambua. Mshtuko halisi mara nyingi huanza taratibu, kwa uzito au kubanwa katikati ya kifua, na mtu akaendelea kutembea na kujibu simu. Maumivu yaweza kwenda mkononi, wa kushoto au yote miwili, yakapanda shingoni au kwenye taya, yakashika mgongo au chembe cha moyo. Jasho la baridi hutoka bila joto. Pumzi hukata. Kichefuchefu huja, na hicho ndicho hulipa tumbo ushahidi wake wa mwisho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimlenga anayewaficha wengine. Mgonjwa wa moyo ana kesi ngumu zaidi, kwani anajificha yeye mwenyewe, na anapowaambia wanawe "niko sawa" hawadanganyi. Anaamini.

Wala umri, elimu na cheo havimkingi mtu. Oktoba 2019, Seneta Bernie Sanders, aliyekuwa akigombea kuteuliwa kuwania urais wa Marekani akiwa na miaka 78, alikuwa mkutanoni Las Vegas alipoomba kiti akae. Alikuwa na mshtuko wa moyo, akawekewa stenti mbili, yaani vibomba vidogo vya kuufanya mshipa ubaki wazi. Siku chache baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba alikuwa akisikia uchovu usio wa kawaida kwa mwezi mmoja au miwili, na kwamba alipaswa kuzisikiliza dalili hizo mapema.

Mama anasema amechoka tu

Kwa wanawake kuna kikwazo cha ziada, kwani wao na watu wanaowazunguka huuona ugonjwa huu kuwa wa wanaume. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa jinsia zote mbili, ila wanawake hupata mara nyingi zaidi dalili nyingine pamoja nayo, au badala yake: uchovu wa ghafla usioelezeka, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya.

Agosti 2012 mchekeshaji wa Kimarekani Rosie O'Donnell, mwenye miaka 50, alimsaidia mwanamke mmoja mnene kutoka kwenye gari. Saa chache baadaye mikono na kifua vikamuuma. Akajiambia amevuta msuli. Akatapika, akatokwa jasho. Akatafuta kwenye intaneti dalili za mshtuko wa moyo kwa wanawake, akaona nyingi anazo, na bado hakuita gari la wagonjwa. Alitafuna aspirini. Alionana na daktari siku ya pili, akakutwa mshipa mkuu wa mbele wa moyo wake umeziba kwa asilimia 99. Yeye mwenyewe amelieleza jambo hili hadharani mara nyingi ili wanawake wengine wajifunze. Tazama mahali alipokwama: orodha ya dalili ilikuwa mbele ya macho yake. Alisoma, akaelewa, hakwenda.

Watu wenye kisukari nao wana hatari ya peke yao. Sukari ya miaka mingi huharibu neva, na mshtuko unaweza kuwapata bila maumivu makali, pengine bila maumivu kabisa. Mwenye kisukari anayekosa pumzi ghafla au kuishiwa nguvu bila sababu asingojee kifua kiume.

"Huo ni ugonjwa wa matajiri"

Hapa kwetu tuna sababu ya ziada ya kuukana ugonjwa huu, nayo ina historia. Mwaka 1959 watafiti A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha matokeo yao kutoka Kampala. Waliona kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwa Waafrika wa Uganda, ilhali ulikuwa tatizo kubwa kwa Waasia waliokuwa wakiishi humohumo. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kweli. Watu walitembea, walilima, walikula ndizi na mboga, na wengi hawakuwa na kitambi.

Maisha yakabadilika, imani ikabaki. Mwaka 2004 utafiti uliofanywa katika nchi 52, Afrika ikiwamo, ukiongozwa na Salim Yusuf wa Canada, ulionyesha kuwa mambo tisa yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo, na ni yaleyale kila bara. Miongoni mwake ni sigara, mafuta mabaya katika damu, presha, kisukari, kitambi na msongo wa mawazo. Presha na sukari zimeshaingia hadi vijijini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ukanaji huu hauishii kwa mgonjwa. Watafiti wa Hospitali ya KCMC mjini Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliwapima kwa utaratibu mmoja watu waliofika idara ya dharura wakilalamika kifua au kukosa pumzi. Takriban mmoja kati ya watano alikutwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao hawakuwa wameandikiwa ugonjwa huo na aliyewahudumia, na zaidi ya theluthi moja walifariki ndani ya siku 30. Zahanati isiyo na mashine ya kupima umeme wa moyo hutibu inachokijua, yaani nimonia, vidonda vya tumbo, malaria. Mgonjwa aliyeshinda vita na akili yake, akafika, anarudishwa nyumbani na dawa ya asidi. Safari ya pili atasita zaidi.

Lazima pia tuwe wa haki. Si kila anayechelewa anaukana ugonjwa. Wapo wasio na bima wanaojua kuwa wakilazwa ada ya shule ya watoto itakwenda na bili. Wapo wanaoishi mahali ambapo gari la usiku ni moja na mwenye nalo amelala kijiji cha pili. Hao wanahitaji bima na barabara, hawahitaji mahubiri. Ila umaskini na kuukana ugonjwa husaidiana vizuri mno. Mtu anayeogopa bili ana sababu moja zaidi ya kuamini kwamba ni gesi.

Nyumba nzima ikingoja kauli ya mgonjwa

Katika nyumba zetu ugonjwa una itifaki. Mzee ndiye mwenye kauli, na mzee akisema "niacheni nilale", nani atamwinua? Mke anaogopa kuonekana amemdharau mumewe. Kijana anaogopa kuitwa mwenye kiherehere. Binti aliye mbali anapiga simu, anajibiwa baba amelala, anashukuru Mungu. Ukimya unaitwa heshima.

Mama wa nyumba naye ana mtego wake. Yeye ndiye wa kuwahudumia wengine, kwa hiyo akiumwa huangalia kwanza nani atapika, nani atawaandaa watoto. Humaliza vyombo, hufunga milango, ndipo hukaa na kusikiliza mwili wake. Hataki kuamsha watu kwa jambo dogo.

Na juu ya wote iko aibu. Kuamsha jirani mwenye gari saa tisa usiku, kufika hospitali, kupimwa, kisha kuambiwa ni gesi. Kesho mtaa mzima unacheka. Watu wazima wengi huiogopa aibu hiyo kuliko wanavyokiogopa kifo, kwa kuwa aibu wanaijua ilivyo.

Tafiti za ucheleweshaji zimegusa jambo hili pia. Mgonjwa anayeanza kupata maumivu akiwa kazini au barabarani, mbele ya watu baki, mara nyingi huwahi kuliko aliye nyumbani na familia yake. Mtu baki hana historia na wewe. Haogopi kukukosea adabu. Anaona mtu ametota jasho na uso umebadilika, anaita gari. Ndugu anakuona wewe, baba yake, ambaye hujawahi kuumwa.

Kampeni iliyojibu swali lisilokuwapo

Mtu angetarajia dawa ya haya yote iwe elimu. Wamarekani walilijaribu hilo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 walichagua miji 20 na kuigawa katika jozi. Kwa miezi 18 mji mmoja wa kila jozi ulipewa kampeni kamili ya redio, runinga, vipeperushi, mikutano na mafunzo kwa wagonjwa na madaktari, yote yakifundisha dalili za mshtuko wa moyo na umuhimu wa kuwahi. Mwenzake haukupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watu wa miji yenye kampeni walitumia zaidi magari ya wagonjwa, lakini muda wa kuchelewa haukupungua kuliko ule wa miji isiyo na kampeni.

Somo lake ni zito. Orodha ya dalili humfundisha mtu ugonjwa wa mwenzake. Usiku wake unapofika, akili inaisoma orodha ileile kwa jicho la wakili anayetafuta mwanya: maumivu yangu si makali hivyo, mkono wangu hauumi, mimi sina kitambi.

Tusiitukane akili, hata hivyo. Hackett na wenzake walioona wagonjwa wakichelewa kwa sababu ya kuukana ugonjwa, waliona pia kwamba waliokwishalazwa katika chumba cha uangalizi na kuendelea kuukana walikuwa watulivu kuliko waliojaa hofu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1987, uliona wagonjwa wa aina hiyo wakitoka mapema katika uangalizi maalumu. Lakini katika mwaka uliofuata walikuwa wazembe wa kufuata maelekezo ya daktari na walirudi zaidi hospitalini. Kuukana ugonjwa ni kinga ambayo binadamu amepewa asivunjike na hofu. Ina saa zake za kufaa, na saa za mwanzo za mshtuko wa moyo si miongoni mwake.

Uamuzi utolewe na mzima

Kama ni kweli kwamba mgonjwa ndiye mwamuzi mbaya kuliko wote usiku ule, basi jibu ni kumpokonya uamuzi. Na wa kumpokonya ni yeye mwenyewe, leo, akiwa mzima na akili imetulia.

Kila nyumba yenye mtu wa zaidi ya miaka 40, hasa mwenye presha, kisukari, kitambi au anayevuta sigara, ijiwekee sheria: maumivu au uzito wa kifua ukidumu dakika 10, hata ukiwa wa wastani, tunakwenda. Yakiambatana na jasho la baridi, kukosa pumzi, kutapika au kuzirai, hatungoji hata hizo dakika 10. Hakuna kujadili ni gesi au si gesi. Hilo litajadiliwa hospitalini mbele ya kipimo.

Mchagueni mtu wa kutoa kauli. Awe mke, kijana wa kwanza, shemeji au jirani, mradi mgonjwa mtarajiwa amemwambia mbele ya wote: "Siku nikishika kifua, usiniulize. Nikikataa, nichukue." Ruhusa hiyo ikishatolewa mchana, kumwinua mzee usiku hakutakuwa tena utovu wa adabu. Kutakuwa kumtii.

Fanyeni maandalizi. Ijulikane ni hospitali gani iliyo karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, maana kupita zahanati tatu zisizo nacho ni kupoteza saa. Namba za watu wawili wenye gari ziwe kwenye simu za wote. Kadi ya bima na kiasi cha fedha vikae mahali pamoja. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe wala asipakiwe kwenye bodaboda, kwani anaweza kuzimia njiani.

Wekeni aspirini ndani. Mwenye dalili hizi atafune kidonge kimoja cha miligramu 300, isipokuwa kama ana mzio nayo, anatokwa damu au daktari alimkataza. Panadol haifanyi kazi hiyo. Diclofenac, ambayo wengi huinunua kwa maumivu ya mbavu na mgongo, haifai kwa moyo uliokosa damu. Na aspirini isiwe kisingizio kingine cha kungoja: inatafunwa wakati viatu vinavaliwa. Akianguka na kuacha kupumua, mlazeni chali na mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Mkifika mapokezi, msiseme "anaumwa tumbo". Semeni: "Kifua kinambana tangu saa fulani, tunaomba apimwe umeme wa moyo sasa hivi." Kipimo hicho hakiumi na huchukua dakika chache. Kikiwa safi na dalili zikaendelea, ombeni kirudiwe, kwa sababu cha kwanza hakionyeshi kila kitu.

Wizara ya Afya na halmashauri nazo zina deni lao. Kila idara ya dharura ya hospitali ya wilaya iwe na mashine ya kupima umeme wa moyo inayofanya kazi, karatasi zake, na mtu anayejua kuisoma saa nane usiku. Kumhimiza mwananchi awahi mahali ambapo hakuna cha kuwahi ni kumdanganya.

Na wewe msomaji, ukienda hospitali na kuambiwa ni gesi, mshukuru Mungu, lipa bili, kalale. Anayekucheka mwambie zamu yake ikifika naye aende. Leo jioni, kabla ya chakula, mtaje mbele ya familia yako mtu atakayekuamulia.